Tulimbatiza Mtoto wa Mdogo Wangu Bila Idhini Yake

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu. Nimeisoma safu hii kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba ingenifika zamu ya kuandika, lakini jambo lililotokea nyumbani kwetu mwezi wa Agosti limenizidi kimo, na kila ninayemweleza hupa upande mmoja haki kabla sijamaliza kusimulia.

Mimi ni mwanamke wa miaka 45, mzaliwa wa Taita, niliyeolewa na kuishi Mombasa. Mama yetu ana miaka 72, ni mjane, na bado anaishi kule kwetu milimani. Tangu nipate akili sijamwona akikosa misa ya Jumapili ila kwa ugonjwa, na katika jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wetu yeye ndiye anayetegemewa kuongoza rozari. Amebaki na watoto watatu: mimi, dada anayenifuata ambaye ameolewa Voi, na kitindamimba wetu, mwanamume wa miaka 36 ambaye ni mhasibu Nairobi.

Huyu mdogo wetu alikuwa mtumishi wa altare utotoni, na mama alitumaini angekuwa padri. Alipofika chuo kikuu akaacha kusali, na miaka sita iliyopita, tukiwa mezani siku ya Krismasi, akatuambia waziwazi kwamba haamini kuwa kuna Mungu. Mama hakula siku ile. Tangu hapo hawapatani. Mama akituma somo la Jumapili katika kundi la WhatsApp la familia, mdogo wangu hujibu kwa habari za Shakahola, kule wafuasi wa mhubiri mmoja walikofunga chakula hadi kufa, au za mhubiri fulani aliyekamatwa kwa ulaghai, na mama naye hujibu kwa sala ndefu inayomtaja kwa jina ili Mungu amfungue macho, jambo ambalo humkera zaidi. Hata hivyo ni lazima niseme ukweli: dawa za sukari na za presha za mama hulipiwa na yeye kila mwezi, na hajakosa hata mara moja.

Mwezi wa Agosti yeye na mke wake walimleta binti yao wa miaka mitatu na nusu akae na bibi yake kwa wiki mbili. Mama akanipigia simu akilia, akasema hawezi kulala nyumba moja na mjukuu mpagani, kwamba yeye ni mzee na hajui ataamka lini au hataamka, na kwamba ananiomba niwe mama wa ubatizo. Nikakubali, nikapanda. Paroko alipouliza kuhusu wazazi, mama alijibu kwamba wanafahamu na wamekubali, ila wamebanwa na kazi, nami nikaitikia. Gauni jeupe mama alilinunua kwa sehemu ya zile fedha za dawa. Mtoto akabatizwa Jumapili pamoja na wengine.

Aliporudi Nairobi alimweleza baba yake kwamba padri alimmwagia maji kichwani na kwamba sasa ana jina jingine. Mdogo wangu alinipigia simu usiku uleule akaniambia, "Umeniibia mtoto." Anataka jina la mtoto lifutwe katika kitabu cha parokia, ametaja mahakama, na amesema Desemba hatakuja kwenye misa ya kumkumbuka baba, ambaye atakuwa ametimiza miaka kumi tangu atutoke. Mama naye amesema kwamba asiyekuja kwenye misa ya baba yake asije kumzika yeye. Mke wa mdogo wangu, ambaye husali katika kanisa la Kipentekoste, hapokei simu zangu.

Labda niongeze, ingawa sijui kama linahusika, kwamba kati ya dada yangu na huyu mdogo wetu kulikuwa na mtoto mwingine wa kiume, aliyefariki akiwa na siku tisa kabla hajabatizwa. Mama hapendi atajwe.

Ninauliza: mtu asiyeamini anadhurikaje na maji ambayo kwake ni maji tu? Anaweza kweli kutushtaki? Na nifanyeje ili aelewe kwamba tulitenda kwa upendo?

Dada Mkubwa, Mombasa

*

Dada Mkubwa,

Kwamba mlitenda kwa upendo sina shaka, na sidhani kama mdogo wako analo shaka. Mimi mwenyewe ninasali, na ninalisema hili mapema ili usije ukadhani kwamba yanayofuata yanatoka kwa mtu aliyekuwa akingoja nafasi ya kuwasema watu wa kanisa. Katika jambo hili mdogo wako amekosewa, na waliomkosea ni wale wale waliomfundisha utotoni kwamba kusema uongo ni dhambi.

Anza na Kanisa lako, kwa kuwa ndilo mama yako analolitii. Paroko hakuuliza habari za wazazi kwa udadisi. Kanuni ya 868 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inataka kwamba, ili mtoto mdogo abatizwe kwa halali, wazazi wake au angalau mmoja wao, au anayeshika nafasi yao kisheria, awe ameridhia, na pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani hiyo. Na mtoto ambaye hajatimiza miaka saba huhesabiwa katika kundi hilo. Inapokuwapo hatari ya kifo sheria hiyo hulegea, lakini kwa maelezo yako mjukuu alikuwa mzima wa afya na aliletwa kutembea tu. Kwa hiyo ubatizo wenyewe umeshika, kwa sababu Kanisa hilo hufundisha kwamba ubatizo haurudiwi wala haufutiki, lakini ulipatikana kwa kumdanganya padri mlangoni pa kisima cha ubatizo, na wewe uliyeitikia ulikuwa hapo hapo ukijiandaa kuahidi kumlea mtoto katika ukweli. Hilo linahitaji kusemwa kwa paroko pia, na ningependa ulifanye wewe kabla hajalisikia kwa mwingine.

Sasa hoja yako ya maji. Tuseme ulimwacha binti yako kwa jirani, na jirani huyo, kwa mapenzi yake yote, akampeleka kwa mganga, mtoto akachanjwa chale mbili za kinga na kufungwa hirizi kiunoni. Wewe huamini uganga. Kwako ile hirizi ni kipande cha kitambaa na uzi. Je, ungekaa kimya kwa kuwa ni uzi tu? Ungefika kwa jirani huyo kabla ya jua kutua, na kosa ambalo ungemdai halingekuwa nguvu ya hirizi. Ungemuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kumshika mtoto wako kwa jambo kubwa namna hiyo nyuma ya mgongo wako. Mdogo wako aliposema umemwibia mtoto, hilo ndilo alilokuwa analisema, na mtu hahitaji kuamini wala kutoamini ili alielewe.

Kuna mtu mwingine ambaye barua yako ilimpa sentensi moja tu, karibu na mwisho, nami nadhani ndiye aliyeumia kuliko wote. Mke wa mdogo wako ni mwumini. Makanisa ya Kipentekoste kwa kawaida hayabatizi watoto. Hungoja mtu afikie umri wa kukiri imani kwa kinywa chake, kisha humzamisha majini. Kwake yeye, siku ya ubatizo wa binti yake ilikuwa jambo la kusubiriwa kwa miaka kumi au zaidi, tena huenda akilisubiri kwa maombi ya siri, akijua kwamba mumewe haamini na kwamba ni lazima aende naye taratibu. Mmemtangulia. Unaposimulia habari hii kama ugomvi kati ya mtu asiye na Mungu na watu wa Mungu, unamfuta mama wa mtoto, na wakati huo huo unajisamehe, kwa sababu ni rahisi kumpuuza mtu unayemwona amepotea. Shangazi ana nafasi yake katika malezi, na sisi wa Pwani na bara tunaijua nafasi hiyo. Lakini Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya inapotaja malezi ya mtoto, inataja wajibu ulio sawa wa mama na baba. Bibi na shangazi hawamo.

Umeuliza kuhusu mahakama. Mimi si wakili, na sitabashiri hakimu angesema nini. Ninachokijua ni kwamba Katiba hiyo, katika Ibara ya 8, inasema hakutakuwa na dini ya taifa, na Ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri pamoja na ule wa dini, na kukataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Ulinzi huo ni wa mama yako na rozari yake, na ni wa mdogo wako vilevile. Lakini mtu anayetaja mahakama usiku uleule aliopata habari mara nyingi anataka kusikia kwamba kosa limetambuliwa, na hadi leo, kwa barua yako mwenyewe, hakuna aliyemwambia neno hilo. Unataka aelewe kwamba mlitenda kwa upendo. Hukumwambia samahani.

Kuhusu jina kufutwa katika kitabu cha parokia, mwambie ukweli asije akatumaini bure: kitabu cha ubatizo huandika tukio lililotokea, na Kanisa halifuti tukio. Anaweza kumwandikia paroko akieleza kwamba wazazi hawakuridhia na kuomba jambo hilo liandikwe pembeni. Msaidie kuandika barua hiyo. Ndiyo, wewe, mama wa ubatizo.

Nisije nikamfanya mdogo wako malaika. Kumjibu mama wa miaka 72 kwa habari za Shakahola kila anapotuma somo la Jumapili ni ukatili wa mtu aliyesoma. Yaliyotokea katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, yanampa kila mtu sababu ya kuhofu imani inayomtaka mtu ajinyime akili, na Wakristo ndio waliopaswa kuwa wa kwanza kuuliza maswali. Lakini mama yako hajamfungia mtu yeyote chakula. Anasali rozari na kumeza dawa zake za presha. Kumwekea maiti za Shakahola mlangoni kila wiki ni kumhukumu kwa kosa la mtu mwingine, jambo ambalo mdogo wako analichukia sana anapotendewa yeye, kama watu wanapodhani kwamba asiyeamini hana adabu au ameingiliwa na mapepo. Siku mtakapopatana, mwombe aache. Na mama naye aache kumwombea kwa jina mbele ya kundi zima. Sala hiyo ina masikio mengine yaliyokusudiwa zaidi ya yale ya Mungu, na kila mtu katika kundi anajua.

Huenda mama anadhani kwamba mwanawe ni kioja kilichotokea kwake peke yake, adhabu ya kosa fulani alilolifanya. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 nchini Kenya waliosema hawana dini, kati ya watu milioni 47.6. Ni wachache, lakini ni wana na mabinti wa watu, wengi wao bila shaka wa akina mama kama yeye. Miaka mitatu kabla ya hapo, Februari 2016, jumuiya ya wasioamini Mungu iliandikishwa rasmi kwa mara ya kwanza, ikasimamishwa Aprili ya mwaka uleule baada ya malalamiko ya viongozi wa dini, na hadi leo ingali inajitokeza hadharani. Neno tunalolitumia, mkanamungu, nalo lina mzigo wake: kukana ni kitendo cha Petro penye moto wa makaa, kitendo cha mtu anayemjua anayemkana, wakati mdogo wako anasema tu kwamba alitafuta na hakuona. Mwiteni asiyeamini. Ni sahihi zaidi, na halimpigi mtu kofi. Mama akihitaji kulisikia kwa sauti anayoiheshimu, paroko anaweza kumsomea Gaudium et Spes, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965, ambayo katika kifungu cha 19 inakiri kwamba waamini wenyewe wanaweza kuwa na sehemu si ndogo katika kuzaliwa kwa hali hiyo ya kutoamini.

Nimechelewa kufika kwenye jambo ambalo ulisema hujui kama linahusika.

Mtoto aliyefariki akiwa na siku tisa. Mdogo wako ana miaka 36, wewe una 45, kwa hiyo msiba huo uliangukia katikati ya miaka ya 1980, ukiwa mtoto wa kuona na kukumbuka. Mama yako, kwa umri wake, alifundishwa katekisimu wakati sheria za Kanisa zilizokuwa zikitumika ni zile za mwaka 1917, ambazo ziliwanyima maziko ya Kanisa waliokufa bila ubatizo, na mafundisho ya siku zile yalisema watoto kama hao huenda mahali palipoitwa limbo, pasipo mateso lakini pasipo kumwona Mungu milele. Fikiri mama wa miaka thelathini na ushei akiwa na fundisho hilo kifuani, na maziwa bado yanamtoka. Kisha miaka michache baadaye akazaa tena mtoto wa kiume, huyu kitindamimba, na sina shaka kwamba huyu alipelekwa kanisani mapema iwezekanavyo. Huyo ndiye aliyekuja kumwambia mezani siku ya Krismasi kwamba yote yale si kitu. Na huyo ndiye aliyemletea mjukuu asiyebatizwa alale katika nyumba ile ile. Mama yako aliposema hajui kama ataamka, huenda hofu yake haikuwa kwa ajili ya usingizi wake mwenyewe.

Hilo halihalalishi uongo wa kisimani. Lakini linabadilisha kile mnachopaswa kuzungumza, na ninashuku kwamba mdogo wako, aliyezaliwa baada ya msiba na katika nyumba ambamo haukutajwa, hajui zaidi ya kwamba kulikuwa na mtoto.

Mama yako pia kuna asiyoyajua. Sheria mpya za mwaka 1983, zilizokuwa tayari zimetoka mtoto wake alipofariki, zinasema katika kanuni ya 1183 kwamba askofu anaweza kuruhusu maziko ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Katekisimu ya mwaka 1992 inamkabidhi mtoto wa namna hiyo kwa huruma ya Mungu, bila kutaja limbo. Na Aprili 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, ilichapisha hati inayosema kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao huokolewa. Habari hizi hazikufika milimani, au zilifika na hakuna aliyethubutu kuzitaja mbele yake. Nenda kwa paroko, mkiri lile la Agosti, halafu mwombe akae na mama yako faraghani, si kumkemea, bali kumweleza haya polepole. Na kama mama ataridhia, yule mtoto aombewe katika misa ile ile ya Desemba, pamoja na baba yake.

Lakini kabla ya hayo yote panda treni uende Nairobi. Usimchukue mama, usimchukue dada yenu, wala usitangulize ujumbe mrefu wa WhatsApp. Omba kuwaona wote wawili, mume na mke, na mwanzie mke. Sema mlichokifanya kwa majina yake: tulimpeleka mtoto bila ruhusa yenu, padri aliuliza, mama alidanganya, nami niliitikia. Usiongeze "lakini". Ahidi kwamba hakuna ibada yoyote atakayofanyiwa mtoto huyo tena bila wao kujua, na kwamba lile jina jipya hamtamwita nalo wasipotaka. Kisha nyamaza, uwaache waseme watakavyosema, hata kama ni hadi usiku. Habari ya mtoto wa siku tisa usiifungue siku hiyo; itaonekana ni kisingizio, na zaidi ya hapo ni siri ya mama, ambayo utahitaji ruhusa yake. Akikuruhusu, mpigie mdogo wako baadaye, au afadhali mama amwambie mwenyewe.

Misa ya Desemba msiigeuze kipimo cha nani anampenda baba. Asiyeamini anaweza kusimama nyuma ya kanisa, au kubaki nyumbani akipanga viti na kuwasha moto wa pilau, na akawa amemkumbuka baba yake sawasawa na aliyepokea komunyo. Mwambie mapema saa ya sala na saa ya chakula ili achague. Lile neno la mama kuhusu mazishi yake, usilibebe kwenda Nairobi. Amelisema kwa hasira, na asiporudishiwa lina nafasi ya kufa lenyewe.

Limebaki gauni. Lilinunuliwa kwa fedha za dawa, na barua yako ilipita hapo haraka. Hesabu ni dawa zipi mama alizipunguza mwezi ule, uzinunue kwa fedha zako, na utakapokuwa Nairobi mweleze mdogo wako na hilo pia, kwa kuwa yeye ni mhasibu, na mwezi ujao ataendelea kutuma kiasi kile kile.